Sanduku la Fundi: Geji za kiwandani kwenye gari la kujiundia

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaojiundia magari nyumbani: wengine Uingereza, ambako kazi hii ina mizizi mirefu, wengine huku kwetu wanaotengeneza buggy, yaani gari dogo la wazi la njia mbovu. Tumezikusanya pamoja kwa sababu karibu zote zina chanzo kimoja. Geji imetoka gari hili, sensa yake imetoka gari lile. Geji ya kiwandani ni nusu ya kifaa. Nusu ya pili imo ndani ya tangi, kwenye injini au kwenye gia boksi, na nusu hizo mbili zisipojuana, mshale utadanganya hata kama kila kipande ni kizima.

SWALI: Nimenunua Mazda MX-5 ya 1992 iliyoliwa na kutu, nataka kuichinja niunde gari dogo la wazi la mtindo wa Lotus Seven. Je, nitumie geji zake au ninunue mpya? Na nikizitumia, nitoe nini na nini? (Msomaji, Leicester, Uingereza)

JIBU: Tumia za kwake bila wasiwasi. MX-5 ya kizazi cha kwanza ni kati ya magari mepesi kwa kazi hii kwa sababu kila geji inajitegemea. Spidomita inazungushwa na kebo inayotoka gia boksi. Geji za petroli, joto na presha ya oili kila moja ina waya yake ya ishara. Hakuna kompyuta iliyokaa katikati ikitafsiri. Tena ya 1992 ina geji ya kweli ya presha ya oili. Kuanzia matoleo ya 1995 hivi, nyuma ya geji hiyo kuna swichi tu: presha ikiwepo, mshale unasimama palepale, iwe presha nzuri au ya kutisha.

Kabla hujafungua skrubu hata moja, lipime gari likiwa bado zima. Washa swichi, piga picha ya mishale yote. Washa injini hadi ipate moto, piga tena. Kisha chomoa plagi ya floti (sensa ya petroli yenye boya) kwenye tangi na upime omu, yaani ukinzani wa umeme, kwa mita, boya likiwa chini kabisa na likiwa juu kabisa. Kwenye gari hilo utegemee karibu omu 95 tangi likiwa tupu na karibu 7 likiwa limejaa. Andika namba ulizopata wewe, maana floti iliyochakaa huongeza omu zake, na hizo ndizo namba utakazofanyia kazi.

Sasa vya kutoa: paneli nzima ya geji, soketi zake zikiwa na waya zisizopungua sentimita 30 nyuma yake, kebo ya spidomita pamoja na kipande cha gia boksi kinachoishika, chenye gia ndogo ya plastiki, floti, bamba lake, mpira wake na skrubu zake, sensa ya presha ya oili, sensa ya joto. Hapo kwenye joto kuwa makini, kwa kuwa injini ina sensa mbili jirani. Yenye waya moja ni ya geji, yenye nyaya mbili ni ya kompyuta ya injini. Usijaribu kuzihudumia zote mbili kwa sensa moja. Geji inavuta umeme mwingi kiasi cha kuipotosha kompyuta, na injini itakunywa petroli ovyo au itasumbua kuwaka asubuhi.

Kama dashibodi yako ina nafasi, ifunge paneli ikiwa nzima. Watu wengi hutamani kuzitenganisha geji ili zikae kama za gari la zamani, kisha wanagundua mambo mawili. Kwanza, geji za Kijapani hazina makopo yao. Kinachobaki mkononi ni uso, mshale na koili tupu, visivyo na kinga ya vumbi. Pili, taa za usiku zilipita kwenye plastiki ya paneli iliyosambaza mwanga, na plastiki hiyo umeshaitupa. Inawezekana kuzijengea makopo kwa bomba la PVC la milimita 110 lililokatwa vipande, likapakwa rangi nyeupe ndani ili mwanga usambae, na kioo cha perspex mbele. Kazi hiyo inataka uvumilivu. Na using'oe mshale kwenye uso wake ili tu upake rangi. Ukiurudisha nyuzi tano pembeni, geji nzima imeharibika.

Ukizitenganisha, nyuma ya kila geji ndogo utakuta skrubu tatu zilizokuwa zimeshika ile karatasi ya plastiki yenye njia za shaba. Moja ni umeme wa swichi, moja ni ethi (njia ya kurudi kwenye hasi ya betri), moja ni ishara ya sensa. Fuata njia za shaba hadi kwenye soketi, ulinganishe na mchoro wa nyaya wa gari hilo, uandike alama kwa kalamu kabla ya kubandua. Funga waya kwa vituo vya pete na nati ileile. Usilehemu moja kwa moja kwenye skrubu, maana moto unapita hadi kwenye plastiki inayoshika koili. Na usibahatishe: umeme wa volti 12 ukiingia kwenye skrubu ya ishara, unaweza kuunguza koili au sensa.

SWALI: Kwenye ukaguzi wa IVA (wa kuidhinisha gari la kujiundia hapa Uingereza) wanaangalia spidomita. Nimeweka rimu za inchi 13 mahali pa 14 za MX-5. Je, spidomita ya kiwandani itapita? Na nikibadilisha difu (gia za ekseli ya nyuma)? (Msomaji, Milton Keynes, Uingereza)

JIBU: Kanuni yenyewe ni fupi. Spidomita isisome hata kidogo chini ya mwendo wa kweli, na isizidi mwendo wa kweli kwa zaidi ya asilimia 10 pamoja na maili 6.25 kwa saa. Gari likienda maili 70, mshale uwe popote kati ya 70 na 83. Kwa hiyo kusoma juu kidogo unasamehewa. Kusoma chini hakuna msamaha.

Anza na tairi. MX-5 hiyo ilitoka na 185/60R14, yenye kipenyo cha milimita 578 hivi. Ukiweka 185/60R13, kipenyo ni 552. Tairi dogo linazunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule, kwa hiyo spidomita itasoma juu kwa asilimia 4.6: maili 70 za kweli zitaonekana 73. Hapo umepita, mradi spidomita yenyewe haikuwa ikisoma chini tangu mwanzo. Ukipenda 195/50R15, kipenyo ni 576, karibu sawa na la kiwandani.

Difu ni hadithi nyingine, kwa sababu gia ya spidomita iko kwenye gia boksi, kabla ya difu. Ukibadilisha uwiano wa difu, kebo inabadilika nao. Badala ya kupiga hesabu za meno yote, pima. Fungua kebo nyuma ya spidomita, bandika kibendera cha karatasi ya gundi kwenye waya wa ndani unaozunguka. Pima mita 40 kwenye sakafu tambarare, tairi zikiwa na upepo wake wa kawaida na mtu ameketi ndani. Gia iwe nyutro. Mmoja asukume polepole, mwingine ahesabu mizunguko ya kibendera, hadi robo ya mzunguko. Zidisha kwa 25, umepata mizunguko kwa kilomita.

Spidomita nyingi za Kijapani za kebo zimeundwa kwa mizunguko 637 kwa kilomita. Tuseme umehesabu 24.8 kwa mita 40, ambayo ni 620 kwa kilomita. Gawanya 620 kwa 637, unapata 0.973. Ukienda 100, inasoma 97. Hilo ni kosa kwenye ukaguzi. Dawa yake ni ile gia ndogo ya plastiki. Inayozungushwa ikiwa na meno 22, weka ya meno 21: 620 mara 22 gawanya kwa 21 ni karibu 650, na mshale utasoma 102. Jino moja linaleta tofauti ya asilimia tano hivi, kwa hiyo mara nyingi jino moja latosha.

Wako wanaoinua gurudumu moja kwa jeki na kulizungusha kwa mkono ili kuokoa kusukuma. Difu ya kawaida ikiwa na gurudumu moja limesimama, lile jingine linazunguka mara mbili ya kawaida kwa mizunguko ileile ya propela (shafti ya kupeleka nguvu nyuma). Ukisahau hapo, hesabu yote inatoka nusu. Sukuma gari tu.

Kama hujui spidomita yako ni ya mizunguko mingapi, izungushe kwa drili ya mkono. Mizunguko 637 kwa dakika lazima ionyeshe kilomita 60 kwa saa, yaani maili 37. Angalia kwanza kebo ilikuwa ikizunguka upande gani, uifuate.

Kuhusu kebo yenyewe: mshale unaotetemeka mwendo ukiwa mdogo ni kebo, geji haina kosa. Kwenye gari la mtindo wa Seven gia boksi iko karibu sana na dashibodi, na kebo ya kiwandani inabaki ndefu ikakunjwa kwa nguvu. Usiipe kona yenye nusu kipenyo chini ya sentimita 15. Grisi iwe ya kupaka kwa vidole, na sentimita 20 za mwisho upande wa geji uziache kavu, la sivyo grisi itapanda hadi ndani ya spidomita na mshale utakwama.

Mkaguzi ataangalia pia kama spidomita inaonekana kutoka kitini, inawaka usiku, na kama kingo ngumu za dashibodi zimeviringwa kwa nusu kipenyo kisichopungua milimita 2.5. Pete kali za alumini zinazozunguka geji zimewarudisha wengi nyumbani.

SWALI: Nimeunda buggy kwa injini ya Toyota 4A-FE na geji zake. Tangi nimetengeneza la alumini, kina sentimita 22, na floti ya kawaida nimenunua Kirinyaga Road. Tangi likijaa, geji inasoma chini kidogo ya robo tatu. Likiwa bado nusu, geji inasema tupu. Nibadilishe geji? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Geji yako haina ugonjwa. Ulichonunua, kwa dalili hizo, ni floti ya omu 240 ikiwa tupu na 33 ikijaa, ambayo ndiyo inayouzwa zaidi kama floti ya jumla. Geji ya Toyota inataka karibu omu 110 tupu na 3 imejaa. Fanya hesabu: tangi limejaa, floti inatoa 33, geji inaona asilimia 72 hivi. Petroli ikishuka hadi floti ifike omu 110, geji inasema imekwisha, na bado una zaidi ya asilimia 60 ya tangi. Ndicho unachokiona.

Floti za dunia hii hazina makubaliano. Smiths na Ford za Uingereza za zamani ni karibu 240 tupu hadi 20 imejaa. VDO ya Ujerumani ni 10 tupu hadi 180 imejaa, kinyume kabisa. GM ya Marekani ni 0 tupu hadi 90. Usinunue floti kwa sura au kwa matundu ya skrubu. Nenda dukani na mita, inua na kushusha mkono wa boya, soma omu.

Kuna wanaokushauri ufunge rezista sambamba na floti, kati ya waya ya ishara na ethi. Tukijaribu kwa omu 200: tupu inakuwa 109, vizuri kabisa. Lakini imejaa inakuwa 28, kwa hiyo mshale hautapita robo tatu, na nusu tangi itasomeka robo. Rezista sambamba inavuta chini zaidi upande wa omu nyingi kuliko upande wa omu chache. Ni dawa ya dharura: angalau tupu itakuwa tupu kweli. Tumia rezista ya wati 2 au zaidi, na ifungwe nyuma ya dashibodi, kamwe si juu ya tangi. Kwa floti ya kinyume kama VDO, rezista haitafaa kitu, na geji itasema imejaa wakati umebaki na mvuke.

Dawa ya kweli ni floti ya Toyota yenyewe, ile ya gari lililotoa geji, ukaibadilisha mkono ufae tangi lako. Fungua floti, weka kwenye meza, pima kwa protrakta mkono unazunguka nyuzi ngapi kutoka omu 110 hadi 3. Tuseme ni nyuzi 80. Ekseli ya mkono iwekwe katikati ya kina cha tangi. Boya lisiguse sakafu wala dari, kwa hiyo kati ya sentimita 22 toa kama 2 chini na 2 juu, zinabaki 18. Kwa nyuzi 80, urefu wa mkono kutoka ekseli hadi katikati ya boya ni 18 gawanya kwa 1.29, yaani sentimita 14. Nyuzi zikiwa tofauti, kigawanyo ni mara mbili ya saini (sin kwenye kikokotoo) ya nusu ya pembe. Kata waya wa mkono au uukunje ufike urefu huo, ukiacha ekseli isiguswe na koleo. Kisha ujaribu nje ya tangi, juu ya karatasi uliyochora kina cha tangi kwa ukubwa wake halisi: boya kwenye mstari wa chini, mita isome 110, mstari wa juu, isome 3.

Sasa ethi. Alumini inapitisha umeme, lakini tangi lako bila shaka limekalia mpira ili lisipasuke kwa mitikisiko, na mpira haupitishi. Floti isipopata ethi, geji ya Toyota inakaa tupu daima. Peleka waya maalumu kutoka skrubu ya bamba la floti hadi kwenye fremu, mahali palipokwanguliwa rangi. Kinyume chake, ikiwa mshale umekwama kwenye imejaa, huenda waya ya ishara imechubuka na kugusa fremu, au floti ina kosa. Chomoa waya kwenye floti: mshale ukishuka, kosa liko kwenye floti, ukibaki juu, kosa liko njiani.

Njia ya haraka ya kuijaribu geji bila tangi ni kuchukua rezista za wati 5 za omu 10, 33, 47 na 100, ukaziunga moja moja kati ya waya ya ishara na ethi. Subiri dakika mbili kila moja, kwa sababu ndani ya geji nyingi za Kijapani kuna mafuta mazito ya silikoni yanayoutuliza mshale. Andika mshale uliposimama. Dakika kumi za kazi hiyo zinakuambia zaidi ya wiki ya kubadilisha vipuri.

Mambo mawili yasichezewe. Usiunge volti 12 moja kwa moja kwenye floti. Njia yake nyembamba itaungua, na kama imo tangini kuna mvuke wa petroli. Na ukitaka kuongeza kitundu au bamba la kuzuia petroli kupigapiga, usilehemu tangi lililowahi kutiwa petroli, hata kama limekauka mwezi mzima. Mabamba hayo yawekwe kabla ya kufunga tangi. Yasipokuwepo, kwenye njia ya mawe mshale utapanda na kushuka hata mafuta ya silikoni yashindwe.

Ukishamaliza, jaza lita tano tano gari likiwa sawa, uandike mshale ulipo kila mara. Panga geji isome tupu zikiwa zimebaki lita tano za kweli. Kwenye buggy, pampu huanza kuvuta hewa kwenye mteremko kabla petroli haijakwisha.

SWALI: Nina geji za Smiths za MGB (gari la zamani la Uingereza) kwenye gari la kujiundia lenye injini ya Ford Zetec. Petroli na joto zote zinasoma juu mno. RPM (geji ya mizunguko ya injini) inasoma nusu. (Msomaji, Cardiff, Uingereza)

JIBU: Geji mbili zikikosea pamoja kwa upande uleule, usizitazame sensa. Geji za Smiths za wakati huo zinafanya kazi kwa kipande cha metali mbili kinachopashwa moto, na zinahitaji wastani wa volti 10 zisizobadilika. Kazi hiyo inafanywa na kidude kidogo cha bati, kirekebisha volti, kilichofungwa kwenye bodi ya gari. Ethi yake inapita kwenye bati lake lenyewe. Ukikifunga kwenye dashibodi ya mbao au faiba, kinakosa ethi, kinapitisha volti zote 13 au 14, na mishale inapanda. Kipe waya ya ethi kwanza uone. Zote zikisoma sifuri, kimekufa.

Kama kimekufa, IC ya 7810 (kirekebisha volti cha kielektroniki cha volti 10) inafaa: mguu wa kuingiza kwenye umeme wa swichi, wa katikati ethi, wa kutoa kwenye geji. Weka kapasita ya mikrofaradi 0.33 upande wa kuingia na 0.1 upande wa kutoka. Bamba lake la nyuma ni ethi, kwa hiyo lifunge moja kwa moja kwenye chuma cha fremu, nalo litapoa. Hii ni kwa gari lenye ethi ya hasi tu. Geji za petroli na joto za metali mbili hazijali upande wa umeme, lakini RPM inajali, na MGB za kabla ya mwisho wa 1967 zilikuwa na ethi ya chanya.

RPM ya MGB inahesabu cheche mbili kila mzunguko wa injini, kama ilivyo kwa koili moja ya silinda nne. Zetec ina koili mbili, kila moja ikihudumia plagi mbili na kupiga mara moja kwa mzunguko. Umeunga kwenye moja, ndiyo maana unaona nusu. Chukua diodi mbili za 1N4007, moja kutoka upande wa hasi wa kila koili, mistari yao ya fedha ikitazama RPM, uziunganishe hapo kuwa waya moja. Mshale utasoma sawa. Kama unatumia kompyuta ya injini yenye waya ya RPM, itumie hiyo badala yake. Nyingi zinahitaji rezista ya omu 1000 kutoka waya hiyo hadi volti 12. Ila RPM nyingi za zamani zilitarajia mapigo makali ya koili, volti mia kadhaa, na hazisikii volti 12 za kompyuta. Soma herufi kwenye uso: RVC inaungwa kwenye hasi ya koili, RVI inataka waya wa umeme wa koili upite kwenye kitanzi chake, na hiyo haitakubaliana na injini yako mpaka ubadilishiwe bodi ya ndani.

SWALI: Nilibadilisha balbu zote za paneli kuwa LED. Sasa alteneta haichaji mpaka niongeze mwendo sana. (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Taa ya chaji si ya kukuonya tu. Kwenye alteneta nyingi, umeme mdogo unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoamsha sumaku. Balbu ya wati 2.2 inapitisha kama miliampea 180, LED inapitisha 10 au 20. Rudisha balbu hiyo moja, au unga rezista ya omu 68 ya wati 5 sambamba na LED. Isiguse plastiki, inapata moto.

SWALI: Nikiwasha taa kubwa, mshale wa joto unapanda. Nikizima unashuka. (Msomaji, Arusha)

JIBU: Geji na taa za paneli zinatumia ethi moja dhaifu. Peleka waya ya ethi ya milimita za mraba 1.5 kutoka paneli hadi hasi ya betri. Usiegemee fremu iliyopakwa rangi.

Ukiwa hapo, angalia sensa ya joto kama imezungushiwa mkanda mweupe wa mafundi bomba. Sensa ya waya moja hupata ethi kupitia nyuzi za skrubu yake. Mkanda ukizidi, geji inasoma chini, na injini itachemka huku mshale umetulia. Ukiipima sensa kwenye sufuria, tumia kipimajoto. Arusha na Nairobi maji huchemka kati ya nyuzi 94 na 96, si 100.

SWALI: Nimepata paneli ya Volkswagen Golf ya kizazi cha tano, nzuri sana. Naweza kuiwasha kwenye gari langu lenye injini ya Toyota? (Msomaji, Kampala)

JIBU: Iache. Mishale yake inaendeshwa na mota ndogo zinazongoja ujumbe wa kidijitali kutoka kompyuta za gari lile, na ndani yake mna sehemu ya immobilaiza (kinga ya wizi). Bila ujumbe huo haitafanya kitu. Tafuta paneli ya gari la kabla ya mfumo huo, na bora zaidi, ya injini uliyonayo.

SWALI: Buggy yangu ni ya chasisi ya Volkswagen Beetle, na matairi ya nyuma ni mapana sana. Spidomita inasoma vibaya, tena kioo chake kinaingia ukungu. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Matairi ya nyuma hayahusiki. Kebo ya Beetle inatoka kwenye gurudumu la mbele la kushoto, ikipita katikati ya ekseli yake, na kushikwa na pini kwenye kifuniko cha bearingi. Tazama kipenyo cha tairi hilo tu. Likiwa dogo kuliko la kiwandani, inasoma juu. Likiwa kubwa, inasoma chini. Mshale usipocheza kabisa, mara nyingi ile pini imechomoka au shimo la mraba la kifuniko limekuwa duara.

Ukungu hauzuiliki kwa kuziba kila upenyo kwa silikoni. Hewa ya pwani ina unyevu, na ukiziba umeufungia ndani. Weka mpira mpya mbele ya kioo, uache tundu la milimita 2 sehemu ya chini kabisa ya kopo, upande wa nyuma, hewa na maji vipate pa kutokea. Kabla ya kufunga, iache geji juani saa chache. Ncha za waya upande huo zipake grisi ya vaselini. Chumvi inazila haraka kuliko geji yenyewe.